Dakika Saba

Jumapili ya mavuno, kanisani Kondele,
mchungaji alipitisha kipaza sauti benchi kwa benchi:
kila mmoja ataje jambo moja, moja tu, la shukrani.
Mama Awuor alitaja figo la mwanawe lililokubali.
Bwana Otiende alitaja ploti ya Riat, na hati yake, na nambari ya hati.
Kiliponifikia kilikuwa na joto la mikono ya watu.
Nikasema, "Afya na uzima," nikaketi.
Wakaitikia amina ya haraka,
amina ya kumpisha mtu mlangoni.

Sikusema kweli. Yaani, afya naishukuru,
goti hili la kushoto likiniruhusu.
Lakini jambo langu haliingii kanisani vizuri:
mimi namshukuru Mungu kwa uongo.

Ilikuwa Novemba. Mto Kuywa ulikuwa umemeza daraja la magogo
nami niko ng'ambo isiyo yangu,
kalamu mbili nimeziuma kwa meno.
Nilizunguka kwa daraja la juu, maili ngapi sijui,
matope yakanivua kiatu kimoja, sikugeuka kukidai.
Shuleni hapakuwa na sauti ila karatasi zikifunuliwa.
Sheria ilibandikwa mlangoni, hata mvua ilikuwa imeisoma:
nusu saa ikipita, hakuna kuingia.
Saa ya ofisini niliiona dirishani.
Thelathini na sita.

Msimamizi, Bwana Sikolia, mgeni wa shule nyingine,
aliutazama mguu uliovaa, akautazama usiovaa,
kisha akaitazama saa ya mkononi mwake
kama mtu anayesoma barua ya deni.
Akaandika: saa mbili na dakika ishirini na tisa.
"Keti," akasema. "Usilowanishe karatasi ya serikali."

Ni hayo tu. Hesabu, karatasi ya kwanza.
Toka hapo chuo cha uuguzi, toka chuoni zahanati,
miaka thelathini na mmoja ya kupokea vichwa vyenye utelezi,
mume niliyempata kwenye foleni ya mshahara,
nyumba ya Migosi yenye bomba linalokohoa,
binti yangu Nasipwondi anayenisahihisha nikiongea na wageni:
wote hao wamepenya tundu la dakika saba.

Mwaka juzi nilimtafuta.
Nilibeba sukari, blanketi, na hotuba.
Nilimkuta nyumbani kwake Misikhu akipukuchua mahindi,
jicho moja limeingia ukungu.
Alidhani nimetumwa na wale wa kesi ya shamba.
Nilipomaliza kueleza alinyamaza, gunzi mkononi.
"Mto upi?" akauliza. "Mwaka gani?"
Halafu: "Binti, saa yangu ya miaka hiyo ilikuwa inachelewa.
Fundi alitaka shilingi arobaini. Sikuwa nazo."
Akacheka. Au alikohoa.
Akachukua gunzi jingine.

Hotuba nilirudi nayo.
Tangu siku hiyo nauliza, nikiosha vyombo, nikifunga kidonda cha mtu:
ilikuwa huruma, au springi iliyolegea?
Nimshukuru mtu aliyekubali kutia dhambi kwenye daftari kwa ajili yangu,
mtoto asiyemjua, mwenye kiatu kimoja,
au niushukuru umaskini wake wa shilingi arobaini?
Usiku mwingine naona yote ni mamoja,
mkono uliosukuma ni ule ule.
Usiku mwingine nataka, nataka mno,
awe alidanganya.

Na kama ni kudanganya, basi alinidanganya mara mbili:
pale mlangoni, na pale Misikhu,
ili nisimwie deni.

Zahanatini kwetu dirisha la dawa hufungwa saa kumi na moja.
Saa ya ukutani iko nyuma kidogo.
Vijana wa zamu hunisumbua: Sista, badilisha betri,
watu wa Obunga wanaingia wakihema na wewe bado unawaandika.
Nawaambia kesho.

Betri ni mpya. Niliitia mwenyewe Januari.